Milio Miwili Saa ya Chakula

Tulimsindikiza Mzee Jaswant kwenye tanuri la kuchomea maiti la Kariokor asubuhi ya baridi, na mimi, ambaye hadi leo sijazoea mazishi yasiyo na shimo, nilisimama nyuma kabisa na leso kichwani nikijifanya nafunga viatu. Kwetu mtu akifa tunamlilia mpaka ng'ambo ya mto wajue. Pale walikuwa wametulia, wanaume na vilemba vyao, wanawake na shali nyeupe, moshi unapanda bila haraka. Mara mtu akanigusa kiwiko. Kumbe ni Kariuki, aliyekuwa fundi mkuu wangu zamani, mvi tele, tumbo limetangulia. "Nekesa," akasema, "kwani wewe bado uko hai?" Nikamwambia niko, labda yeye ndiye ajikague. Tukacheka kwa kujificha, maana pale si mahali pa kucheka, kisha akaniinamia na kunong'ona, "Unakumbuka ile simu ya saa saba?" Jamani. Mimi si mtu wa majini. Nimelala peke yangu kwenye nyumba zilizofiwa na nikakoroma. Lakini nikiikumbuka simu ile, hata mchana wa jua kali, naangalia kwanza nyuma yangu.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili, wakati simu za kupitia mtandao zilipoanza kuruhusiwa na kila mwenye duka mjini akataka kuacha kulipia simu za mikoani. Mzee alikuwa na duka la pampu za maji karibu na River Road, na matawi Kisumu, Eldoret na Mombasa. Mwanawe Manjit, kijana wa tai na haraka, ndiye aliyetuleta, mimi na Kariuki, tukae mwaka mzima tubadilishe simu zote. Tulipewa chumba ghorofa ya pili, nyuma ya stoo. Kilinuka grisi na mpira mpya, dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na taa iliwashwa asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimetoka tu chuoni, najiona najua kila kitu. Kariuki akaniketisha siku ya kwanza akaniambia jambo ambalo sijalisahau: namba anayobonyeza mtu siyo namba inayosafiri. Mtu wa Nairobi anabonyeza sifuri kwanza kwa mazoea, lakini njia yetu ilitaka mbili tano nne, namba ya nchi. Basi unaandika kanuni: ukiona sifuri mwanzoni, ing'oe, bandika mbili tano nne. Ukiona sifuri tatu, usiguse, hiyo inaenda Ludhiana, India, kwa watengeneza pampu. Mtambo unasoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kukubaliana na namba ndiyo inayoshika. Ukizipanga vibaya, mteja wa Eldoret anaongea na kinyozi wa Likoni. Na kulikuwa na kanuni za upande wa pili vilevile, za simu zinazoingia: namba ya anayepiga nayo ilipita mikononi mwetu kabla haijatokea kwenye kioo cha simu. Kwa maneno mengine, ulichokiona kwenye kioo ni kile tulichoamua ukione.

Mama Surinder, mkewe Mzee, alifariki wiki ileile tuliyokuwa tunavuta nyaya. Duka likafungwa kwa matanga, sisi tukaendelea kufanya kazi ndani ya jengo tupu, tukiongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Mzee aliporudi kazini alikuta simu mpya mezani, yenye kioo, lakini namba yake ni ileile ya miaka yote. Alikuwa amekonda hadi kola inamzunguka shingoni. Walikuwa wamemhamishia kwa Manjit, Muthangari, kwenye nyumba yenye bustani ya nyasi zilizokatwa vizuri, na ile nyumba yake ya Ngara, ghorofa ya kwanza juu ya maduka ya vitambaa, ikafungwa na vitu vyake vyote ndani. Mkwewe, mke wa Manjit, alimpakia chakula kwenye mkebe wa ngazi tatu. Kila jioni mkebe ulirudi vilevile ulivyokuja. Wasichana wa mauzo waliufungua siku moja wakakuta roti imekauka na dengu imeshika ngozi juu, na mmoja wao akasema jikoni, mimi nikiosha kikombe changu, "Huyu mzee anamfuata mama. Si mnaona?" Mwingine akamjibu, "Wacha mdomo mbaya." Lakini hakukana.

Ninyi wenye bando hamjui kuflashi ilikuwa nini. Ulimpigia mtu, ukaacha ilie, ukakata kabla hajachukua, na yeye akajua la kufanya. Kila jamaa ilikuwa na mapatano yake. Mmoja akiflashi mara moja, amefika salama. Mwingine akiflashi mara tatu, mtoto ana homa. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba flashi haichukuliwi, kwa sababu ukiichukua unamla mwenzio pesa. Mama Surinder, kwa miaka yote ya ndoa iliyofuata kuwekwa kwa simu nyumbani, alimflashi mumewe saa ya chakula, milio miwili, basi: mezani tayari, panda uje. Kutoka dukani hadi Ngara ni mwendo wa kutembea tu. Kila mtu pale dukani alijua milio ile. Wazee wa stoo walikuwa wakiitumia kama saa.

Sasa sikia. Siku chache baada ya Mzee kurudi, nilikuwa ofisini kwake, chini ya meza, nikikaza waya. Saa saba imepita kidogo. Simu ikalia juu ya kichwa changu. Mlio mmoja. Wa pili. Kimya. Nilisubiri wa tatu kama mtu anavyosubiri ngazi ya mwisho gizani, haukuja. Nikatoa kichwa. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, anatazama kioo. Nami nikatazama. Ilikuwa namba ya nyumba ya Ngara. Niliijua kwa moyo, maana ndiyo namba tuliyoitumia kufanyia majaribio, namba isiyo na mtu. Mzee alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akateremka ngazi na kushika njia ya Ngara. Mimi nilibaki pale sakafuni na bisibisi mkononi.

Kesho yake ikalia tena. Na keshokutwa. Kila siku ya kazi, saa ileile, milio miwili, namba ileile, na Jumapili hakuna. Wazee wa stoo wakaanza kutoka nje saa saba ikikaribia, kila mtu na kisingizio chake. Wasichana wa mauzo walileta mafuta ya kuombewa wakapaka fremu ya mlango wa Mzee, na mimi niliyejidai msomi nilipita mlango huo nikiugusa kidogo kwa kidole. Kariuki alisema ni hitilafu. Nikamwuliza hitilafu gani inayojua saa ya kula. Lakini jambo lililotutatiza zaidi ni kwamba Mzee alianza kunenepa. Kola ikamtosha. Alirudi kutoka Ngara saa nane mkono unanuka kitunguu na jira, anapiga mluzi kwenye ngazi. Siku moja nilimsikia Manjit akimfokea nyuma ya mlango, kwa Kiswahili, kama walivyozoea wanapogombana dukani: "Baba, hakuna mtu kule! Nyumba nimefunga maji mimi mwenyewe! Unapika na nini?" Na Mzee, kwa utulivu wote: "Nabeba maji kwa chupa." Manjit akatoka, akanikuta kwenye ujia. Macho yalikuwa mekundu. "Tafuta hiyo kitu," akaniambia. "Tafuta, utoe. Kabla sijampeleka kwa daktari wa akili. Hiyo nyumba nitauza."

Kabla sijaanza kutafuta, Mzee mwenyewe aliniita. "Beti," akasema, maana mimi alinifanya binti, "wewe ni mtu wa simu. Twende ukaangalie." Tulitembea naye hadi Ngara kabla saa saba haijafika, tukapanda ngazi zenye vumbi la pamba, akafungua kufuli. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa na mwanga ulikuwa wa rangi ya chai. Viatu vya mwanamke viko mlangoni, miwani juu ya redio. Alipita moja kwa moja jikoni, akawasha jiko dogo la gesi, akakata kitunguu bila kuangalia, na baada ya muda nyumba yote ikanukia. Kwenye meza kulikuwa tayari na sahani mbili. Nilidhani ya pili ni yangu. Alipopakua, akaniletea ya tatu.

Tulipokuwa tunakula ndipo akaniambia, akiwa anatazama dengu yake. Mama Surinder alitaka kwenda Ludhiana kumwona dada yake. Mwaka mmoja Mzee akamwambia ngoja tufungue tawi la Eldoret. Mwaka uliofuata akamwambia ngoja tubadilishe simu. Mama akaugua. Dada akafa kule. Kuanzia siku ile Mama Surinder hakumsemesha tena. Hospitalini, akiingia yeye, mama aligeukia ukutani. "Wiki nzima, beti. Nimekaa hapo na machungwa, naona mgongo. Amekufa amenikasirikia." Akapangusa masharubu. "Halafu nikarudi dukani, akapiga simu. Unaelewa? Manjit anafikiri mimi ni wazimu. Mimi si wazimu. Najua amekufa, nimemchoma mimi. Lakini amenisamehe, ameniita kula." Simu yangu ya mkononi ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Kariuki, sauti imempanda juu: "Nekesa, uko wapi? Uko Ngara? Imelia sasa hivi huku. Milio miwili. Kioo inasema inatoka hapo ulipo." Nikageuza kichwa polepole. Simu ya nyumba ilikuwa kwenye kona, kwenye kijimeza chake, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Juu ya kitambaa vumbi lilikuwa limelala laini, sawasawa, hakuna alama ya kidole. Mzee alikuwa ananitazama usoni. "Amepiga?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali, na nakuapia, pale mezani, mbele ya ile sahani ya pili, niliamini.

Lakini imani yangu ni ya mchana mmoja. Niliporudi kazini hasira ilinishika, kwa sababu mimi kitu kikinitisha nakichukia. Niliketi mbele ya mtambo nikafungua kanuni zote za simu zinazoingia, nikazisoma moja moja kutoka juu. Karibu na mwisho nikaikuta, fupi, haina maelezo: simu yoyote inayokuja bila namba ya mpigaji, ibandikwe namba ya Ngara. Nikamwita Kariuki. Akaitazama, akajikuna shingo. "Ah. Hiyo ni mimi." Simu nyingi kutoka vibanda vya kupigia simu zilikuwa zinaingia bila namba, na mtambo wetu ulikuwa ukizikataa, wateja wanalalamika, kwa hivyo siku za matanga alizipa namba ya kuazima ili zipite, akachagua ile ya majaribio kwa sababu ilikuwa kichwani. Alikusudia kuibadilisha. Alisahau. Wateja wengine wote waliopiga bila namba walipitia mezani kwa wasichana, ambao simu zao hazikuwa na kioo. Ni meza ya Mzee peke yake iliyokuwa na namba yake na kioo chake. "Kwa hivyo si mama," nikasema. "Si mama," Kariuki akasema, na wote wawili tukaona aibu kwa jinsi tulivyopumua.

Manjit ndiye aliyemwambia baba yake. Mimi nilisimama pembeni na karatasi ya mchoro, nikaeleza kanuni, jinsi namba inavyobandikwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo nikipiga mimi kutoka kibanda, hapo pia ingeandika ni yeye?" Nikasema ndiyo. Akafungua droo, akatoa ufunguo wa Ngara, akausukuma upande wa Manjit. Mkebe wa ngazi tatu ukarudi mezani kesho yake, na jioni ukateremka haujafunguliwa. Nilikuwa nimefanya kazi yangu, nimesifiwa, na nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya ujana wangu. Nilikuwa nimemnyang'anya mzee wa watu msamaha, na sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Na simu haikuacha kulia! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kule Jamhuri nilikokuwa nimepanga chumba. Kanuni niliifuta kwa mkono wangu. Kioo sasa kilikuwa kitupu. Lakini saa saba ikifika, mlio mmoja, wa pili, kimya, na Mzee ameketi na uso ameugeuzia ukutani, hata hageuki. Kanuni ya Kariuki ilieleza namba. Haikueleza milio. Nani huyo, anayejua saa na anayejua idadi, na kwa nini Jumapili anapumzika? Kioo kilipokuwa na namba tuliogopa, lakini kilipokuwa kitupu niliogopa zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na jina la kuiita.

Basi nikaamua kuvunja sheria. Siku hiyo Mzee alikuwa benki. Nikaketi kwenye kiti chake, mkono juu ya mkono wa simu, jasho linanitoka kwapani. Nikaomba dua ya bibi yangu. Ulipoanza mlio wa kwanza, sikuuacha umalizike. Nikachukua. Kulikuwa na upepo, na mtu anapumua. Pumzi ilisita. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Mama Surinder?" Kisha sauti ikanirukia, sauti ya mama wa kwetu kabisa, wa magharibi, mwenye hasira: "Wewe ni nani unachukua? Hii ni flashi! Hujui flashi? Sasa huyu kijana wa kibanda atanichaji, na hizo pesa nitatoa wapi?"

Nililia na kucheka kwa pamoja, nikamsihi asikate, nikamwahidi nitamlipia kibanda, nitamlipia na chai. Aliitwa Jerusa. Alikuwa amemfanyia kazi Mama Surinder pale Ngara miaka mingi, na nyumba ilipofungwa alipata kazi Jamhuri, mitaa miwili tu kutoka nilikolala mimi. Jioni hiyo nilimpata nje ya kile kibanda cha simu, mwanamke mfupi mwenye aproni, mikono bado ina sabuni. Mwanzoni hakutaka kusema. "Niliapa," alisema. "Maiti haivunjiwi kiapo." Nikamweleza jinsi mkebe unavyorudi. Akakunja aproni, akaikunjua. "Yeye ndiye alinituma," akasema. "Kule hospitali, wakati Mzee ameenda kununua machungwa. Akaniambia, Jerusa, huyo mtu bila simu yangu hatakula. Wewe uwe unampigia, milio miwili, siku za kazi. Usimwambie ni wewe. Nikamwuliza, mama, si umwambie mwenyewe leo? Si ndiye huyo anakuja? Akasema, nimemnunia siku nyingi sana, Jerusa, sasa naona aibu kuanza mimi."

Sikungoja. Asubuhi yake nilimfuata Mzee ofisini kabla hajavua koti, nikafunga mlango, nikamwambia yote, na maneno yale ya mwisho niliyasema vilevile kama nilivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Alivua koti, akalitundika. Nikafikiri hakunisikia. Kisha akaketi, kilemba kikainama mpaka karibu na meza, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliponyanyua uso na nikaona ni vyote. "Na mimi!" akasema. "Beti, na mimi! Nimekaa pale na machungwa, nasema moyoni, mwache aanze yeye. Naona aibu." Alipiga meza kwa kiganja. "Watu wazima wawili!"

Niliporudi baadaye kuona kama anahitaji kitu, alikuwa ameomba namba ya kibanda cha Jamhuri. Nilimwandikia. Akaibonyeza mwenyewe, tarakimu moja moja, ikapita kwenye kanuni zangu, sifuri ikang'oka, mbili tano nne ikakaa mahali pake, na upande wa pili kijana wa kibanda akaenda kumwita mama wa watu kutoka kwenye nguo alizokuwa anafua. Tulimsubiri. Mzee alinionyesha kiti kwa mkono, nikaketi. Kisha nikasikia sauti ya Jerusa, ndogo na yenye wasiwasi, ikisema halo, halo, nani. "Jerusa, ni Mzee," akasema. "Usiogope, usikate, ni mimi nalipa. Sasa niambie. Aliposema anaona aibu, alikuwa amenuna bado au alicheka?" Jerusa akajibu kitu ambacho sikukisikia. Mzee akafumba macho, akasogeza simu karibu zaidi na sikio. "Sema tena," akamwambia. "Polepole."